Kopo Lililoitwa Kilo

Maneno yalimkuta Mama Pacha kwenye foleni ya bomba, tena yalimkuta mgongoni, maana waliokuwa wakiyasema hawakujua kwamba yule aliyejifunga kitambaa cha kijani mbele yao ndiye mwenyewe.

"Yule mwenye ng'ombe mwekundu, anatia maji kwenye maziwa."

"Acha wee!"

"Nakwambia. Kioo cha kupimia maziwa kituoni kimemuumbua. Maziwa mepesi, ukichungulia unaona mpaka kitako cha ndoo."

"Na vile anavyojifanya mtu wa Mungu!"

Hakugeuka. Alikinga ndoo yake, ikajaa nusu, akaondoka nayo hivyo hivyo. Lakini maneno yale yalimng'ang'ania kama kupe. Alikamua nayo, akapika nayo, akalala nayo. Tangu siku ile, kila alipochota maji, hata ya kunawa uso, alihisi kuna mtu anahesabu vikombe.

Yeye alikuwa mama wa mabinti wawili mapacha, ndiyo maana ya jina lile. Mmoja aliolewa mbali. Mwingine, Pacha Mkubwa, alikuwa amerudi nyumbani kujifungua na bado yupo na kichanga chake. Mume wake, Baba Pacha, alikuwa fundi wa kupaka rangi, ila kwa sasa alikuwa fundi wa kukaa kwenye kiti: ngazi ilimtupa, mguu ukawekwa plasta kuanzia kwenye goti. Kwa hiyo nyumba nzima ilisimama juu ya miguu minne ya ng'ombe mmoja, waliyemwita Mstahiki kwa sababu hakukubali kutembea nyuma ya mtu.

Na Mstahiki, kwa miezi miwili sasa, alikuwa akishuka. Kutoka lita kumi na nne hadi kumi na mbili, kutoka kumi na mbili hadi tisa.

.

Kituo cha maziwa kilikuwa chumba kimoja chenye sakafu ya saruji, tangi la chuma na meza inayonuka dawa ya kuoshea. Nyuma ya meza alisimama kijana mpole mwenye koti jeupe, aliyeitwa Kipimo kwa sababu hakuachana na kile kioo chake chembamba chenye mistari. Alikitumbukiza kwenye maziwa kikaelea. Maziwa mazito hukibeba juu. Mepesi hukiacha kizame.

Kilizama.

"Ishirini na sita, mama," Kipimo alisema kwa sauti ndogo. "Mwisho wa kupokea ni ishirini na nane."

"Rudia."

"Nimerudia mara mbili."

"Rudia ya tatu. Hakuna atakayekufa."

Akarudia. Kioo kikazama palepale. Nyuma ya Mama Pacha, mwanamke mmoja mnene aliyeuza mboga kwenye kona na kujulikana kwa wote kama Shangazi wa Kona, alivuta kopo lake la maziwa pembeni, kama vile maji yanaambukiza.

"Mama, mimi ni kama mwanao," alisema Kipimo. "Sijasema umetia kitu. Kioo ndicho kinachosema."

"Kioo hakina mdomo. Mdomo ni wako, na umefika mpaka bombani."

Wawili watatu walicheka. Kipimo akainamia daftari, masikio yamemwiva. Alipoinua uso alisema: hii ilikuwa mara ya pili kukataliwa. Ikifika ya tatu, jina linapelekwa kwenye kamati Jumamosi, na kamati ikishafuta jina, hairudishi.

"Kesho usinisubiri hapa," Mama Pacha alisema, akifunika ndoo yake. "Kesho alfajiri uje kwangu na kioo chako. Ukamue kwa mikono yako mwenyewe. Na wewe Shangazi, kwa kuwa unaogopa kuloa, njoo uwe shahidi."

"Mimi?" Shangazi wa Kona alishika kifua. "Mimi nimesema nini?"

"Hujasema. Umevuta kopo."

.

"Mwenye bucha amepita," Baba Pacha alisema aliporudi. Mguu wake wa plasta ulikuwa juu ya stuli, na mapajani alishika kijiti cha kujikunia ndani ya plasta. "Anasema Jumamosi anakuja na kamba. Tumuuze angali na nyama, Mama Pacha, kabla hajabaki mbavu za kuning'inizia nguo."

"Tukimuuza wiki hii, watu watasema tumekimbia."

"Waseme. Maneno hayachomi."

"Yananichoma mimi." Alimimina maziwa yaliyokataliwa kwenye sufuria kubwa. Yangegandishwa, yangenywewa, mengine yangegawiwa majirani waliokuwa wakimsema. "Sijatia maji. Sikimbii."

Baba Pacha alijikuna. Halafu, bila kumtazama, akauliza, "Hata kidogo? Siku zile yalipoanza kupungua... hata kikombe tu, kufikisha lita?"

Mwiko ukasimama ndani ya sufuria. Huyu ndiye mtu aliyelala naye kitanda kimoja miaka ishirini na minne.

"Hata wewe," alisema.

"Nimeuliza tu."

"Ndiyo. Na mimi nimekusikia tu."

Pacha Mkubwa, aliyekuwa akinyonyesha mlangoni, aligeuza uso ukutani ili wazazi wake wasione kwamba amesikia.

.

Kipimo alikuja kabla jua halijachomoza, amevaa koti lake jeupe mpaka bandani. Shangazi wa Kona naye akaja, ati alikuwa anapita tu, ingawa kwake na pale hakukuwa na njia ya kupitia. Mama Pacha aliwapa ndoo tupu waikague. Aliigeuza, akaigonga kitakoni. "Kuna maji? Nusa. Ingiza kichwa."

Kipimo hakuwa mkamuaji. Alishika chuchu kama mtu anayeshika simu ya tajiri. Mstahiki alimwangalia, akainua mguu, akaweka kwato juu ya kiatu chake kipya.

"Anataka kwanza umsalimie," Shangazi alisema, na Mama Pacha akajikuta amecheka kwa mara ya kwanza wiki ile.

Mwishowe alipata kikombe na nusu. Hakupima papo hapo. Alisema maziwa ya moto hudanganya kioo, akayaacha yapoe huku wote wanne, pamoja na ng'ombe, wakisubiri. Kisha akatumbukiza. Akainama mpaka jicho likalingana na mstari.

"Ishirini na sita."

"Yametoka wapi hayo?" Mama Pacha aliuliza.

"Kwenye chuchu."

"Sema kwa nguvu. Shangazi hasikii."

"Yametoka kwenye chuchu, mama. Hakuna aliyetia maji." Kipimo alifuta kioo kwa uangalifu. "Samahani. Lakini sheria ni ishirini na nane. Nitaiomba kamati ikupe wiki mbili. Zaidi ya hapo sina uwezo. Ng'ombe akitoa maziwa mepesi hivi, mara nyingi ni njaa. Anakula nini?"

"Njaa?" Mama Pacha alikaribia kumpiga na ndoo. "Majani yapo mpaka yanaoza. Na pumba, kilo tatu asubuhi, kilo tatu jioni, kama bwana mifugo alivyoagiza. Miaka minne sijapunguza hata punje. Kilo ile pale!"

Alionyesha kopo lililokaa juu ya gunia. Lilikuwa kopo la bati, na ubavuni Baba Pacha alikuwa ameliandika kwa rangi nyekundu, herufi za fundi, zilizonyooka: KILO. Ukilijaza unga wa ugali lilikuwa kilo moja kamili. Alilipima mwenyewe dukani siku walipolinunua. Tangu hapo nyumbani kwao hakuna aliyesema "leta kopo". Walisema "leta Kilo".

Wote walilitazama. Hakuna aliyeona kosa.

.

Alhamisi ilikuwa zamu ya kichanga kupimwa zahanati. Pacha Mkubwa alikuwa bado anaona kizunguzungu, kwa hiyo bibi mtu akaenda naye. Alimfunga mjukuu kofia, soksi, fulana mbili na blanketi zito la rangi ya machungwa, mpaka akaonekana mtoto wa miezi sita.

Pale ndani mizani ilining'inia kwenye ndoano ya dari, ile yenye uso wa saa na mfuko wa kuvisha miguu ya mtoto. Nesi alimpokea kichanga, akamtikisa kidogo mkononi, akacheka.

"Mama, huyu umeniletea mtoto au godoro? Vua hivyo vyote."

"Atapata baridi."

"Hatapata. Mnawajaza manguo ili waonekane wakubwa. Mizani haina macho." Akamchambua kama kitunguu, tabaka kwa tabaka, mpaka akabaki kitu chekundu, chembamba, kinachopiga kelele. "Ona sasa. Mtoto ndiye huyu. Hayo mengine yote yalikuwa upepo."

Mama Pacha alisimama na blanketi mkononi. Nesi alikuwa akiandika kwenye kadi, akisema mtoto anaendelea vizuri, hakuna shida, lakini yeye hakusikia. Alikuwa akiona gunia la pumba alilonunua wiki iliyopita, lilivyokuja limejaa mpaka mdomoni, na lilivyompandia kichwani kama mto wa kulalia. Hakuwa amepumzika hata mara moja njiani. Alikuwa amejisifu kwamba bado ana nguvu.

"Nesi," alisema. "Nikileta mwingine, utanipimia?"

"Mwingine yuko wapi?"

"Nyumbani. Ana umri wa miaka minne. Wa bati."

Nesi alimwambia hapo hapimi mabati. Kisha, baada ya kuelezwa, akamwambia arudi foleni ikiisha.

Alirudi na Kilo, na vifuko vitatu. Nesi akatandika karatasi kwenye mfuko wa watoto. Kwanza unga: mshale ukaenda ukasimama kwenye moja, sawasawa. Kopo halikuwa na hatia. Kisha pumba za zamani, zilizobaki kwenye pembe ya gunia kuukuu tangu wakati aliponunua kwa mzee mmoja mwenye kinu mtaa wa nyuma, aliyekifunga miezi miwili iliyopita, zile nzito zenye vipande vya kiini cha mahindi. Mshale ukapita nusu kidogo.

"Si kilo," Nesi alisema.

"Si kilo," Mama Pacha aliitikia. Miaka minne.

Mwisho pumba za sasa. Kopo limejaa vilevile, limepanda kilima vilevile. Mshale ukatikisika, ukapita robo, ukachoka.

Alikaa kwenye benchi la wajawazito. Makopo matatu ya hizi hayakufika hata kilo moja. Mstahiki alikuwa akila theluthi ya kile alichoandikiwa, huku yeye akimkamua na kumwita mvivu.

"Nimemshindisha ng'ombe na njaa," alisema.

"Hukujua, mama."

"Sikujua, ndiyo." Alisimama, akakung'uta sketi. "Lakini yupo anayejua."

.

Muuza pumba waliyemwita Jaza alipendwa na mtaa mzima, kwa sababu ya mkono wake. Alichota kwa koleo pana, akamwaga kutoka juu, taratibu, zikishuka kama mvua ya rasharasha, na hakuacha mpaka debe liote kilima. "Jaza, mama, jaza!" alijiimbia. "Kwangu mtu haondoki na debe la kupunguka!" Ndiyo maana kinu cha mzee kilipofungwa, watu walishukuru. Yule mzee alikuwa na kero moja: alikuwa akiligonga debe chini, pwa, pwa, pwa, vumbi likawaingia watu puani.

Ijumaa Mama Pacha alimkuta Jaza akipokea mahindi ya mkulima mmoja. Gunia lilikuwa juu ya mizani kubwa ya chuma, na Jaza alikuwa akisukuma kijiwe cha mizani kwa ncha ya kidole, jicho moja limefumbwa. "Pungufu nusu kilo," alimwambia mkulima. "Mimi nalipa nilichokiona."

Wateja wa pumba walikuwa sita saba, Shangazi wa Kona akiwa wa pili.

"Debe moja," Mama Pacha alisema zamu yake ilipofika.

Rasharasha ikashuka. Kilima kikaota. "Jaza, mama, jaza!"

Alilishika debe masikio yote mawili, akaliinua kidogo, akaligonga sakafuni. Pwa. Pwa. Pwa. Kilima kikazama, na pumba zikashuka vidole vinne chini ya mdomo.

"We mama! Usinigongee debe!"

"Linaumia?"

Watu wakacheka. Jaza naye akacheka, kwa meno tu. "Haya, nakuongezea. Mimi si mchoyo."

"Usiongeze. Liweke pale." Alionyesha mizani.

"Ile ni ya mahindi."

"Inajuaje?"

"Mama Pacha, pumba zinauzwa kwa debe tangu mimi sijazaliwa. Mashine mpya inatoa pumba laini. Mimi sikuitengeneza."

Mama Pacha alichota pumba kiganja kimoja, akazipuliza polepole. Nusu ikaruka. Iliyoruka ilikuwa maganda makavu ya mpunga, ya njano, makali kama kucha.

"Na haya, mashine ya mahindi imeyapata wapi?"

Jaza alitupa macho kwenye foleni. Alisogea, akashusha sauti mpaka ikawa ya msibani. "Dada yangu, njoo nyuma. Nikuongezee madebe mawili, yaishe. Sisi ni watu wa mtaa mmoja."

Hapo Mama Pacha alikumbuka bomba, na kopo likivutwa pembeni, na mume wake akiuliza bila kumtazama. Akageukia foleni na kuachia sauti yake yote.

"Jaza anasema niende nyuma aniongezee madebe mawili! Nyinyi wenzangu mmeshaongezwa mangapi?"

Foleni ikachangamka kama kuku walioona mwewe. "Mimi sijaongezwa!" "Kumbe kuna nyuma?" "Jaza, nyuma kuna nini?" Shangazi wa Kona alijipenyeza mpaka mbele, akaweka debe lake mwenyewe, alilokwisha kujaziwa, juu ya mizani, na mwili ule hakuna aliyethubutu kuuzuia.

"Sukuma hicho kijiwe," alisema. "Kwa jicho lile lile ulilompimia mkulima."

Mkulima wa mahindi, aliyekuwa hajaondoka, ndiye aliyesoma kwa sauti. Kilo nne na robo. Mtu mmoja akasema debe la mzee wa kinu lilikuwa likimvunja shingo, na wengine wakakumbuka shingo zao.

"Kuanzia leo," Mama Pacha alisema, "unanunua kwa mizani, unauza kwa mizani. Na maganda weka kando, atakayeyataka atayaomba kwa jina lake."

"Na kama sitaki? Wewe nani? Nani anakulazimisha kununua kwangu?"

"Hakuna. Na hakuna wa kunikataza kusimama nje hapo na mizani ya kukodi, niwapimie watu bure. Jumatatu mpaka Jumamosi. Maziwa yangu hayapokelewi, nina nafasi."

Jaza alitazama foleni, akatafuta uso mmoja wa kumwonea huruma. Kisha akafuta ubao wake wa bei kwa kiganja. Kule kwenye "debe" akaandika "kilo", kwa mwandiko wa mtu anayeandikishwa adhabu, na bei aliyoweka ilikuwa kali. Mama Pacha hakumuuzia siku ile. Alisema hamtaki dukani. Shangazi wa Kona akanunua sehemu mbili, na ya pili akampandishia Mama Pacha kichwani. Ilimkandamiza shingo vizuri kabisa.

.

Jumamosi mwenye bucha alifika na kamba yake. Mama Pacha alikuwa amesimama mlangoni mwa banda.

"Rudi nayo," alisema. "Au ifungie mzigo mwingine."

"Mumeo aliniambia..."

"Mume wangu alikuwa anaumwa mguu."

Kutoka kwenye kiti chake Baba Pacha alikohoa, akasema, "Msikilize huyo. Mimi sina ng'ombe."

Kamati iliwapa zile wiki mbili. Mama Pacha alimwongezea Mstahiki kidogo kidogo kwa siku tano, asije akavimbiwa, mpaka akafika kilo tatu za mizani kila mlo. Siku ya sita lita ziliacha kushuka. Siku ya kumi na tatu Kipimo alitumbukiza kioo, akainama, akakaa chini muda mrefu mpaka watu wakaanza kunung'unika.

"Ishirini na nane," alisema. "Na unywele mmoja juu yake."

"Sema kwa nguvu," Shangazi wa Kona alimwambia kabla Mama Pacha hajasema.

Bombani hakuna aliyekuja kusema, tulikusingizia. Huwa hawaji. Lakini jioni ile Baba Pacha aliomba aletewe brashi na kile kikopo cha rangi nyekundu. Akaweka kopo la bati kwenye paja lisilo na plasta. I akaigeuza O. L akaifuta mguu, akaitia tumbo ikawa P. Herufi mbili tu.

"Soma," alimwambia mkewe.

Alisoma. KOPO.

"Lile swali langu..." alianza.

"Rangi haijakauka," Mama Pacha alisema. "Subiri ikauke kwanza."

Mwenzangu unayefuga, haya uyashike:

Usiliite kopo kilo. Kopo ni kopo.

Usitumie kipimo cha unga kupimia pumba.

Usinunue debe ambalo halijagongwa chini.

Usifurahie kilima. Kinabomoka njiani.

Usidhani gunia jipya ni sawa na la jana. Kila gunia lipime upya, hata kama ni la muuzaji yule yule.

Usifurahi mzigo ukiwa mwepesi kichwani.

Usiende nyuma ya duka.

Usimwite ng'ombe mvivu kabla hujajua amekula nini.

Usimuulize mwenzako swali lile, kama hujamsaidia kupima.

Na wakikuita mwizi, usiiname. Waambie walete kioo.